Neno "Amemshika"

...na ule ushauri wako wa kumwekea mume maji ya moto kabla hajayaulizia umefanya kazi, mpendwa mshauri, ila leo naomba msaada mkubwa zaidi. Nina wiki sita katika ndoa, bado nikisikia mluzi wa Chediel wangu akirudi shambani moyo unanidunda kama siku tulipokutana, na tulikutana mahakamani, mimi shahidi wa mashtaka, yeye mdogo wa mshtakiwa, nikatoka kutoa ushahidi natetemeka, akanivika sweta lake akasema, "Dada, umesema ulichoona, sina kinyongo."

Nilisema mchana ule mzee mmoja alipouawa mnadani nilimwona Gervas, mshtakiwa mwingine, ana rungu, na Fabiano, kaka yake Chediel, amemshika marehemu. Basi. Jaji akaona Fabiano alimshika mzee wa watu ili Gervas ampige, kwamba walikuwa na nia moja, wote wakahukumiwa kunyongwa.

Juzi nimeteleza uani na ndoo, Chediel akanishika kabla sijafika chini, jirani yetu Jenipher akacheka, "Bi harusi, umeshikwa kweli!" nikacheka na mimi, halafu nikakumbuka kwamba Fabiano alimshika yule mzee hivyo hivyo, rungu likiwa limeshatua, anamdaka asianguke, anapiga kelele, "Leteni maji!" Sikuulizwa ni kabla au baada, nami kwa hofu nikajibu nilichoulizwa tu. Rufaa imekaribia. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, sema tu hukumwona Fabiano." Chediel hajui lolote. Watu watasema ndoa imenigeuza, na yeye je, ataniita tena "asali wangu"? Nifanyeje?

Dorkas, Mgori

Dorkas mwanangu, hongera kwa ndoa, sasa nikugombeze. Shemeji yako anasubiri kitanzi, wewe unawaza kuitwa asali? Mwambie Chediel leo, kabla hamjala. Akinuna, mwache anune. Mwanaume aliyekuvika sweta siku uliyomuumiza hatakuvua siku unayosema kweli yote.

Mama mkwe mpe shikamoo yake, kisha mkatalie. Fabiano ulimwona. Ukisema hukumwona, hapo ndipo utashikwa kweli.

Halafu nenda kwa wakili wa Fabiano. Anza kwa kumwambia umeolewa na nani, asije akaambiwa na wengine. Mweleze kwa mpangilio: rungu lilishuka, mzee akalegea, Fabiano akamdaka, akaita maji. Mnadani watu walikuwa wengi, mtafuteni mwingine aliyesikia kelele ile. Sikudanganyi, majaji wa rufaa husoma kumbukumbu za kesi, hawaiti mashahidi upya hivi hivi. Lakini kumbukumbu hizo hizo zitaonyesha kwamba hakuna aliyekuuliza kabla au baada. Wakili ndiye ajuaye aombe nini, na hawezi kuomba asichokijua.

Nina safari ya huko kwenu. Kabla mwezi huu haujaisha nitabisha hodi Mgori. Kuku msichinje, mlenda unanitosha. Nikukute umeshatoka kwa wakili, na Chediel mwenyewe aniambie siku hizi anakuitaje.