Kompyuta ya Naisiae Imewaka

Naisiae, ndizi ziko kwenye sufuria, zipashe ule na baba yako. Nimekwenda Akheri kwa bibi, narudi jioni.

~~Kompyuta yako usiiguse mpaka nirudi.~~ Hapana, iwashe tu!

Asubuhi ulipotoka unalia kwamba umeiunda wiki nzima na skrini bado nyeusi, nilishindwa kuvumilia. Nilichomoa umeme, nikafungua kasha, nikaona ile RAM, kadi ya kumbukumbu uliyonionyesha, imeingia upande mmoja tu. Nikaibonyeza mpaka ikalia "tak!" Nilipowasha, skrini ikaleta picha. Nikapiga vigelegele, baba yako akatoka bafuni na mapovu kichwani.

Jana uliniambia, "Mama, haya huyawezi." Iliniuma kidogo. Lakini mwanangu, kila kipande umekifunga wewe. Mimi nimebonyeza tu.

Mama yako, fundi msaidizi