Shokapu Mbili za Nyuma

Jumatatu, 10 Machi 1975

Nimerudi kutoka Mikumi na shokapu nne! Za Pijo 504 iliyogonga twiga barabara kuu, mwenyewe hana haja nayo tena. Nimezifungua juani tangu asubuhi, na springi zake. Mgongo umekufa.

Ni za gari letu. 404 kuukuu, iliyoachwa na mzungu wa shamba la mkonge. Alikuwa akishindana nayo mbio za Pasaka. Namba 41 bado iko mlangoni. Tangu jirani yetu Katarina afie kwenye machela pale mtoni, akipelekwa hospitali, kijiji kimeamua liwe gari la wagonjwa. Mimi fundi, Nikolaus dereva. Ila shokapu zake zimekwisha. Linaruka kama mbuzi.

Costancia, mkunga wa zahanati, kampima Odilia leo. Mtoto katanguliza matako. Kasema mke wangu asithubutu kujifungulia hapa, apelekwe hospitali ya Kilosa. Umebaki mwezi mmoja na nusu.

Alhamisi, 13 Machi 1975

Zimeingia! Za nyuma zilinitoa jasho — nimekata vishikio vya zamani, nikachomelea vingine. Nikolaus kalipeleka hadi mtoni na kurudi, mimi nimekaa nyuma na kikombe cha maji mkononi. Nimelowa goti tu. Odilia kacheka sana. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Krismasi.

Jumapili, 16 Machi 1975

Mkutano. Wenzetu wa kitongoji cha bondeni wana pikapu, 404 vilevile, na shokapu zake ni mbovu. Mwenyekiti, mzee Melkizedek, kasema sisi ni wajamaa: vitu vinne, magari mawili, basi mbili mbili. Za nyuma ziende kwenye pikapu, maana pikapu hubeba mzigo nyuma. Watu wakapiga makofi. Hata mimi, kwa dakika moja, niliona ni haki.

Upuuzi! Gari si debe la mahindi. Ukifunga ngumu mbele ukaacha zilizokufa nyuma, mkia unakwenda unakotaka wenyewe.

Mwenyekiti akauliza nani anapinga. Mwaka jana nilikataa kutoa spana zangu ziwe za kijiji, nikaitwa kupe mbele ya mama mkwe. Nimekumbuka hilo. Alipouliza nani anakubali, nikanyoosha mkono pamoja na wengine. Mkono huu huu.

Jumanne, 18 Machi 1975

Nimezifungua za nyuma. Nimerudisha kuukuu. Ya kushoto inavuja mafuta.

Jumamosi, 22 Machi 1975

Mvua. Tumelijaribu na Nikolaus kwenye mteremko wa mtoni. Konani mkia ukachomoka, tukasimama tumetazama tulikotoka. Nikolaus akashuka akakojoa, akakaa kwenye jiwe muda mrefu.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Shikamoo, marahaba, akanimiminia chai. Nikaeleza yote. Kasikiliza vizuri, si mtu mbaya yule. Kisha akasema: "Ndugu Makarius, fundi ni wewe. Mkutanoni ulinyamaza. Sisi tungejuaje?"

Aibu naisikia hadi sasa. Kasema uamuzi wa mkutano hubadilishwa na mkutano, na mwingine ni tarehe 20 Aprili. Nikahesabu siku. Tutawahi, kwa siku chache.

Odilia kaniuliza mbona sili. Nimemwambia tumbo.

Ijumaa, 4 Aprili 1975

Chupa ya Odilia imepasuka alfajiri. Mapema mno!

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Sikupiga hodi, sikuamkia. Kanitazama mara moja tu, kachukua baiskeli, kaenda bondeni mwenyewe kuzifuata shokapu, bila kuitisha mkutano wowote. Costancia kamsubiri hadi saa tatu. Kisha kasema basi. Hata zikifika, kuzifunga kunakula saa mbili nzima, na Odilia hana saa mbili.

Wameondoka. Odilia kalazwa kiti cha nyuma, juu ya ile shokapu inayovuja. Costancia kachuchumaa mbele kamshika mkono — kiti cha abiria tulishaking'oa ili mkunga apate nafasi. Nataka kuingia, Nikolaus kanizuia. Kasema uzito wangu utaliangusha zaidi mkia. Ni kweli. Ndicho nilichomfundisha mimi.

Odilia kauliza, "Si umelitengeneza lakini?"

Nikasema ndiyo. Mungu wangu, nikasema ndiyo.

Tumepatana na Nikolaus: akishavuka mto apige honi mara tatu. Honi ya mashindano ile, hapa inasikika vizuri, tulishajaribu. Kwa tope hili ni nusu saa. Nimekaa juu ya tairi nje ya banda. Naandika huku nikisubiri.

Saa tatu na nusu. Kimya. Pengine kateremka polepole. Nilimwambia ateremke polepole.

Saa nne kasorobo. Mwenyekiti kafika. Tope hadi magotini, vidole vina damu, gunia begani. Kazifungua mwenyewe, na dereva wa pikapu. Kaona banda halina gari. Kaziweka shokapu mbili miguuni pangu, taratibu, zisigongane.

Kauliza kama honi imelia.

Nimesema bado.

Kakaa kwenye tairi kando yangu. Mzee wa watu anahema. Mvua imekatika sasa, hata majani hayadondoshi maji. Mtu akipiga honi mtoni tutasikia.

Saa nne.