Kofia ya Masizi Ndani ya Sauna

Veikka! Usinicheke. Au cheka tu, mimi mwenyewe nacheka mpaka machozi.

Unaijua ile kofia ya kitambaa tunayovaa chini ya helmeti? Yangu ilirudi kutoka kwenye moto wa jana imelowa, imejaa masizi. Ilitakiwa ifuliwe kwenye mashine ya kufulia. Mimi nikaitundika juu ya mawe ya moto ya sauna, chumba cha mvuke cha kituo chetu, ikauke. SAUNA, Veikka!

Sasa leo nesi anakuja kutupima mapafu, na Mzee Kalervo roho juu: akifeli haingii tena kwenye moshi, anakaa ofisini kupokea simu. Tukaingia naye sauna atulie. Akamwaga maji, joto likapanda, kofia ikaanza kutema uvundo wa plastiki iliyoungua kwenye moto wa jana. King'ora kikalia. Kituo cha zimamoto! Wanaume watano uchi kwenye theluji, na nesi ndo anashuka garini.

Kalervo anakohoa, kidole usoni kwangu: "Aatu! Umenipikia sumu, mtoto wewe!"

Nikajua nimemmaliza mzee wa watu.

Kalervo akapuliza kwenye kipimo cha mapafu. Nesi akatabasamu: "Mapafu ya kijana haya."

Nikapuliza mimi. Nesi akakunja uso. "Rudia." Nikarudia. Akaiona kofia nyeusi mkononi mwangu: "Hiyo kofia unaivaa chafu tangu lini?"

Tangu vuli, Veikka. Niliona masizi yananipendeza.

Mwezi mzima sigusi moshi. Kalervo kanivutia kiti cha ofisini mwenyewe, bado kajifunga taulo: "Kaa, mwanangu. Simu ikilia, utuambie moto uko wapi."