Asubuhi ya Rudis

Kaunas, Lithuania
Machi, siku ya mvua

Mdogo wangu mpendwa Vygantas,

Kuna jambo kuhusu mbwa wako Rudis ambalo nimekuficha tangu tungali na meno yetu, na sitaki kufa nalo. Kabla sijalisema, pokea salamu zangu. Hali yako ikoje? Goti limepata nafuu? Shemeji Genovaitė bado anakukataza kupasua kuni? Mimi mapafu yamechoka. Muuguzi hunisaidia kukaa, naandika kidogo, nalala, naendelea. Ukiona mwandiko umepinda usifikiri nimekunywa.

Jumapili mjukuu wako Ugnė alikuja kunitazama, akaniletea mkate mweusi na jibini. Akaniambia alikuletea mtoto wa mbwa, nawe ukamrudishia. Eti ulimwambia, "Mwanangu, mimi nilishafundisha mbwa mmoja akawa muuaji. Mpelekee mtu mwenye akili zake." Alikuwa analia akinisimulia. Alipoondoka nikaomba karatasi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiokota pembe za kulungu, zile ambazo madume wa huku kwetu huzidondosha kila mwaka. Mimi, mwalimu wa jiografia, niliingia msituni na ramani kichwani. Nilianza na miteremko inayotazama kusini, ambako kulungu huota jua mwishoni mwa baridi, kisha mahali wanapolala, kisha mitaro wanayoruka, kwa sababu pembe iliyolegea hudondoka dume anapotua kwa kishindo. Niliwafundisha watu wachague siku ya mawingu baada ya mvua, maana pembe iliyolowa hung'aa katikati ya majani makavu, na jua kali hudanganya macho. Watu walinisikiliza. Wewe ulicheka tu: "Kaka, kulungu hawajaisoma hiyo ramani yako."

Kisha ukamleta Rudis. Ulichemsha glavu zako ili pembe isinuke mkono wa mtu, ukaificha nyasini, na kila alipoipata ukamtuza. Msimu wake wa kwanza alitoa pembe kwenye vichaka ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavipita. Siku ya maonyesho ya kijiji ulizipanga ukutani hadi dirishani, na jirani yetu Stasė akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, mbona hujiandikishi darasani kwa Rudis?" Nilicheka kuliko wote. Nilipofika nyumbani nilikaa na koti langu mwilini, nikimchukia mbwa.

Msimu uliofuata sikungoja pembe zianguke. Nilitoka kabla watu hawajaamka, theluji ikiwa bado nzito, nikawatimua madume kwa kupiga sufuria ili waruke ule mtaro mpana ulio karibu na ziwa. Unajua tunavyowatukana watu wa namna hiyo. Kulungu wa wakati ule amekonda, kila mbio unazomkimbiza zinamla uhai. Hayo nilikuwa nikiwahubiria wanafunzi wangu. Mara ya kwanza nilipata pembe nzuri, nikakuonyesha, nawe ukanishika bega na kusema, "Umezeeka, lakini macho bado unayo." Nilizipokea sifa hizo bila haya.

Mara ya pili madume hawakugeukia mtaro. Walikimbilia ziwani, na barafu ya Machi ikapasuka chini yao. Sauti nilizozisikia sitakuandikia. Nilisimama ufukweni na sufuria yangu mpaka kukawa kimya, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Theluji ilianza kuanguka tena, ikafunika nyayo zote.

Mchana kijiji kizima kilikuwa pale. Mtu akasema lazima kuna kilichowatimua, akauliza Rudis alikuwa wapi asubuhi. Wewe hukujua kusema uongo. Ukasema alitoka alfajiri na amerudi muda si mrefu, manyoya yamelowa. Stasė akasema, "Si ulimfundisha kupenda pembe? Basi amezifuata huko huko vichwani." Safari hii hakuna aliyecheka. Ukanigeukia mimi, msomi wa familia, ukaniuliza kama mbwa anaweza kweli kuchanganya mambo hivyo. Nikakujibu kwamba anaweza. Nilikueleza hata sababu zake, kwa sauti ya darasani. Jioni ukachukua bunduki ukaenda naye nyuma ya ghala, kisha ukaja kwangu kuazima sepetu. Nikakupa. Nikakuuliza kama unahitaji msaada wa kuchimba.

Salamu za kuagana naziweka hapa, maana baada ya mistari inayofuata sijui kama utataka kuzipokea. Msalimie sana shemeji. Ugnė mwambie mzee anamshukuru, na kama mtoto wa mbwa bado hajapata mwenyewe, asiharakishe kumtoa. Jibu siombi.

Alfajiri ile Rudis alinifuata kutoka langoni kwako akitikisa mkia, akidhani tunakwenda kuokota pembe. Niliogopa angebweka na kuniumbua. Nikamwita kwa upole, nikamfungia ndani ya bafu langu la mvuke, nikatia kufuli. Wakati kulungu wanazama, Rudis alikuwa humo, na aliyekuja kumfungulia, akitoka ziwani, ni mimi.

Kaka yako,
Rapolas