Kikapu ya Samaki na Mustari wa Tisa

Zaina mupenzi, mutoto wa dada yangu,

Ni mimi tonton, mujomba yako wa Mangobo, ule mwenye alipindua mamba mugongo chini kwa mikono yake mbili, watu wote wa muto wakiona. Najua unacheka. Cheka kwanza, maana mbele kidogo sitakuwa na kitu ya kukuchekesha.

Mama yako alinisomea barua yenye ulimuandikia. Unasema kule Lubumbashi institut moja inakuita ufundishe wanafunzi kuandika programu, na wewe umekatala, unabakia kwenye meza yako ya kuuza vitenge. Umeandika: "Ile njia mpya niliijaribu mwenyewe, ikanidanganya. Nitafundishaje kitu chenye siamini?" Toka siku ile, Zaina, hata sahani ya pondu, ile mboga ya mama yako, naiacha nusu.

Unakumbuka wakati ulirudi kutoka masomo, kampuni ya mabato, meli za muto, ikakuweka ndani ya chumba ya baridi yenye ordinateur, ile mashini ya kuhesabu? Kazi yako ilikuwa kuandikia mashini programu ya kupanga mizigo ndani ya bato za kushuka Kinshasa. Mimi niliwaambia watu wote wa avenue: mutoto wetu anaamrisha mashini yenye nguvu ya makarani mia, na ile akili ilitoka upande wa mama, maana yake upande wangu.

Ulikuwa na gazeti ya wataalamu, imechakaa kwa kusomwa. Samedi moja, jumamosi, tukiwa tumetoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha avenue, na matope ingali kwenye miguu, ukanieleza ile mawazo mapya. Mutu mwenye ameandika programu haoni kosa yake mwenyewe. Basi, mbele ya kupatia mashini kadi zake za matundu zenye inasoma, mutu mwingine achukue karatasi, acheze kama yeye ndiye mashini, mustari kwa mustari. Kosa ikionekana, hakuna kumucheka mwandishi.

"Na huyo mutu atakuwa nani?" nikauliza.

"Mwenye hajui kitu, tonton. Nimekufikiria wewe."

Mama yako alicheka mpaka mwiko ikaanguka. Mimi sikukasirika. Mbele jua haijashuka, mutaa yote ya Mangobo ilijua mimi ni ordinateur, tena yenye haiombe courant ya umeme.

Wiki tatu tulicheza kwenye meza ya mama yako. Kisanduku ya kiberiti ilikuwa bato. Maharagi ilikuwa gunia za kahawa, karanga ilikuwa vikapu vya samaki ya kukausha. Ulikuwa unanipiga kidole kwa mukono.

"Tonton, usifikiri. Fanya tu kile karatasi inasema."

"Lakini mimi minajua!"

"Ndiyo shida yako hiyo. Mashini haijui."

Bon. Samedi ya mwisho, mama yako na jirani yake walikuwa wamekaa wanatuangalia, na wewe uliingia kutafuta chai. Nikafika mustari wa tisa: muzigo wenye kupita kilo makumi tano uwekwe chini, wenye haupiti uwekwe juu. Kikapu ya samaki ilikuwa kilo makumi sita, gunia ya kahawa makumi ine. Zaina, mimi nilibeba mizigo kwenye ile port ya mabato miaka kumi na mbili. Najua samaki ikiwekwa chini ya kahawa inakuwa unga. Niliona kosa. Lakini niliona pia jirani anatoa macho, nikasema ndani ya roho: mutoto wangu hataonekana mujinga mbele ya huyu mama. Nikachukua karanga, nikaiweka juu ya maharagi, polepole.

Ukarudi na chai.

"Samaki iko juu?"

"Iko juu."

"Umefuata karatasi, tonton?"

"Mot à mot, neno kwa neno."

Ukanikumbatia. Chai ikamwangika kwenye shati yangu, na mimi nikajiona mukubwa.

Yenye ilifuata unaijua: ulipatia mashini programu, ikatoa karatasi ya kupanga mizigo. Kwenye port capita, mukubwa wa wabebaji, alinung'unika, lakini karatasi ya mashini ilikuwa na stempu ya kampuni, na kwetu hakuna mutu anabishana na stempu. Samaki ikaenda chini, kahawa ikapanda juu yake. Bato ikafika Kinshasa, vikapu vikafunguliwa, ikabaki unga na mifupa. Chef wako wa kazi akakutoa kwenye chumba ya baridi mbele ya wenzako: "Citoyenne, wewe mwananchi, mashini yako haijawahi kula samaki?" Ulitoka na karatasi zako kwenye kifua, na hukuniuliza kitu. Hata mara moja. Uliniamini.

Jana nilitoa zile karatasi zako za programu chini ya kitanda ya mama yako. Nikachukua kisanduku ya kiberiti, maharagi na karanga, nikacheza peke yangu, bila kufikiri. Mustari wa tisa, karanga ikashuka chini yenyewe. Ile njia ilikuwa ya kweli, mutoto wangu. Ingekamata kosa samedi ile ile, na wewe ungeisahihisha mbele chai haijapoa. Mashini ndiyo ilidanganya, na mashini ilikuwa mimi.

Ile ya mamba pia ni uongo: wakati nilimupindua, ilikuwa imekwisha kufa.

Enda ufundishe, Zaina. Na siku ya kwanza, waambie wanafunzi wako: musimupatie karatasi yenu mutu mwenye anawapenda na anaogopa muone haya. Kama unapenda, taja jina yangu.

Ukiandika programu ingine, nitumie. Nitafanya tu kile karatasi inasema.

Tonton yako, mashini yako ya Mangobo,
mwenye anaomba umusamehe