Mishale kwenye mchoro

Aline, mujukuu wangu,

Nakusalimu toka hapa Tshopo. Mama yako amepona malaria. Tumejua kwa sababu ameanza tena kugombana na kila mtu sokoni.

Unaniuliza kwa nini jury, wale walimu wa mtihani wako, imekukata pointi, eti hukueleza mchoro ambao kila mtu anauona.

Bon. Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, kama wewe. Mengi ya siku zile nayaacha. Mwalimu alinituma kupima ghala moja la zamani karibu na mto. Nilikuwa namaliza kuchora, askari akaninyang'anya karatasi. Aliona nimechora mishale miwili inaelekea ukuta wa ghala.

"Hii mishale iko ya nini? Nani ataingia hapa?"

Nikajibu kwa maneno mazito ya darasani. Akanielekezea bunduki.

Katika mfuko wangu mlikuwa na papai, chakula changu cha mchana. Nikamwomba alipasue mwenyewe, kwa kisu chake.

"Papai hii iko kama nyumba, chef. Ukiikata, unaona ndani. Mishale inaonyesha tu fasi ya kukata, pale kisu kinapita, na upande wa kuangalia."

Akaangalia papai, akaangalia karatasi. Mwishowe akaweka kidole juu ya mchoro.

"Alors, hapa iko ngazi?"

Ilikuwa ngazi kweli. Akanirudishia karatasi, na nusu ya papai.

Mpaka leo, nikimaliza mchoro, namwonyesha kwanza mtu ambaye hakusomea kazi yetu. Akiiona ngazi mwenyewe, ndipo naweka sahihi.

Koko wako