Vigae vya Kibaha

Lanham, Jumamosi jioni

Eti "nyumba ya kupita." Mwaka wa kumi na moja huu tunapita hapa ughaibuni!

Nilichomwomba Baba Neema ni kidogo tu: tukitengeneze chumba cha kufulia kule besmenti, chini ya nyumba. Rangi nilinunua mwenyewe, kopo lililorudishwa dukani na mtu, bei chee. Kuta nimepaka peke yangu wikendi mbili. Ikabaki sakafu, simenti tupu, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia tutafute vigae vya bei rahisi.

"Mama Neema, vigae ni vya Kibaha. Hapa si kwetu."

Na anasema hivyo ameegemea maboksi ya hivyo vigae vya Kibaha! Yanangoja kontena la kuyapeleka nyumbani, kwenye chumba hichohicho tangu Neema yuko darasa la tatu. Sasa Neema anaendesha gari, na nyumba ya Kibaha haijapata hata paa.

Naogopa, sifichi. Baba Neema si mtu wa kelele, akikasirika ananyamaza wiki nzima, na mimi ule ukimya...

Basi. Leo yuko kazini mpaka usiku. Akirudi akauliza maboksi yako wapi, nitamwambia avue viatu kwanza. Gundi ya vigae haijakauka.